Mume wangu anataka mpya, mimi nataka nyepesi: ninunue kompyuta ipi?

Kaka, habari za majukumu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Masasi, nafundisha Kiswahili na Historia. Nimejiunga na Chuo Kikuu Huria kusoma shahada ya uzamili, na sasa nimefika kwenye tasnifu. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Mpaka sasa nimesoma kwa simu na kwa kile kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Kusoma makala si tabu. Kazi fupi za kozi niliziandika kwenye simu, nyingine nilimpelekea kijana wa steshenari akanichapia. Lakini tasnifu ni habari nyingine. Msimamizi ananirudishia sura imejaa maoni pembeni na mistari myekundu, nikiifungua kwenye simu sioni kipi kimekatwa na kipi kimeongezwa. Kijana wa steshenari anatoza kwa ukurasa, na kila marekebisho ni malipo mapya. Juu ya hayo kuna alama za mikondo minne ninazojaza kwenye Excel, maandalio ya masomo, na PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma.

Shuleni kuna laptopu moja ya idara, ile kubwa ya inchi 15.6. Nikibahatika naibeba Ijumaa kuja nayo nyumbani. Nakaa mbali na shule, napanda bodaboda, begi lina madaftari ya kusahihisha, na mgongo umeanza kunisumbua. Ndiyo maana nataka ndogo, nyepesi, ya kuingia kwenye mkoba wangu wa kila siku. Umeme huku unakatika, siku nyingine tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo na betri naiangalia.

Nimeweka akiba Sh 700,000. Mdogo wangu yuko Dar es Salaam, amezunguka Kariakoo akaniletea machaguo matatu.

La kwanza ni kompyuta mpya kabisa kwenye boksi lake, inchi 11.6, prosesa Celeron, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, hifadhi GB 64, waranti ya mwaka mmoja, Sh 620,000. La pili ni ThinkPad X270 iliyotumika, prosesa Core i5-7300U, RAM GB 8, hifadhi ya SSD GB 256, Sh 450,000, na muuzaji anasema ameshaiwekea Windows 11. La tatu ni HP EliteBook 830 G5, nayo imetumika, Core i5-8350U, RAM GB 8, SSD GB 256, Sh 650,000, duka linatoa waranti ya miezi mitatu.

Baba watoto amesimama kwenye mpya. Anasema hela hii nimeidunduliza kwa shida, haiwezekani niikabidhi kwa kitu ambacho mwenzangu Ulaya amekitupa. Mdogo wangu anapenda X270 kwa sababu nitabaki na chenji. Mwalimu mwenzangu hapa shuleni anasema nisinunue kompyuta yoyote, nitafute kibodi ya bluetooth ya Sh 60,000 niiunganishe na kishikwambi. Wote wananitakia mema. Sitaki ugomvi nyumbani, na wakati huohuo sitaki kitu kitakachonikwamisha katikati ya tasnifu.

Nisaidie kaka, ni ipi? Na mdogo wangu si mtu wa kompyuta. Akifika dukani aangalie nini?

Mwalimu, Masasi

JIBU

Mwalimu, salama. Kusoma uzamili huku una mikondo minne na safari ya bodaboda ni kazi kubwa, kwa hiyo sitakuzungusha: nunua EliteBook. Inunue kwa masharti nitakayoyaeleza hapa chini, na mdogo wako akikuta sharti moja kubwa halitimii, aiache palepale juu ya meza atafute nyingine ya aina hiyo. Kariakoo hazikosekani.

Sababu nakupa kwa kirefu, maana najua nyumbani utaulizwa.

Nianze na wazo la mwalimu mwenzako, kwa sababu ndilo la gharama ndogo na lina ukweli ndani yake. Kishikwambi chenye kibodi kinamtosha mtu anayeandika barua, ripoti fupi, maandalio ya somo, hata PEPMIS, kwa kuwa inafunguka kwenye kivinjari. Ungekuwa bado kwenye kozi ningekuambia upite njia hiyo na akiba yako ikae. Tasnifu inadai zaidi. Sura ya kurasa 40 yenye tanbihi, majedwali na maoni ya msimamizi pembeni inataka kioo kinachoonyesha maandishi na maoni kwa pamoja, na inataka Word kamili ya kompyuta. Kuna pia Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo. Inakuwekea rejea ndani ya sentensi na kukupangia orodha yote mwishoni, na ukibadilisha mtindo wa marejeo inapanga upya yenyewe. Kiunganishi chake cha Word kinafanya kazi kwenye kompyuta, kwenye Word ya kishikwambi hakipo. Ukishaandika tasnifu kwa Zotero hutataka kurudi kupanga marejeo kwa mkono.

Hata hivyo kishikwambi usikiweke kabatini. Kisimamishe kando ya kompyuta, fungua humo makala unayoisoma, uandike kwenye kompyuta. Mtu anayeandika tasnifu akiwa na vioo viwili mbele yake anaokoa muda mwingi wa kuruka huku na huku kati ya madirisha. Kumbuka tu kwamba kile ni kifaa cha kazi ulichokabidhiwa, kwa hiyo tasnifu yako isikae humo peke yake.

Sasa ile mpya ya inchi 11.6. Ndiyo inayovutia kuliko zote, na ndiyo ninayoihofia kuliko zote.

Aina hii ina ukoo wake. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC 701, kompyuta yenye kioo cha inchi 7, RAM MB 512, hifadhi GB 4 na uzito usiofika kilo moja. Ilipendwa sana, kwa sababu kabla yake kompyuta ndogo na nyepesi ilikuwa kitu cha wakubwa wa kampuni, ghali kuliko zile kubwa. Wengine wakafuata, wakiweka prosesa ya Intel Atom, na kwa miaka michache maduka yakajaa vikompyuta vya inchi 10. Kisha mwaka 2010 ikaja iPad. Kwa kusoma na kutazama, watu wakaona kishikwambi kinawafaa zaidi. Kwa kazi za kuandika na kukokotoa, vile vikompyuta vilikuwa vinachechemea tangu siku ya kwanza. Kufikia 2013 Asus na Acer, waliokuwa mbele kwenye biashara hiyo, walikuwa wameachana navyo. Ule mtindo wa bei lakini uliendelea: prosesa ya daraja la chini kabisa, RAM kidogo, hifadhi kidogo, vyote vimechomelewa kwenye ubao mmoja, bei ya kufikika. Hiyo ya Sh 620,000 inatoka kwenye mtindo huo.

Tazama namba zake. Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 inataka angalau RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Kompyuta yako ingetoka kwenye boksi ikiwa tayari imesimama kwenye kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Windows ikishajisasisha mara chache, nafasi inayobaki kwa ajili yako ni ndogo, na masasisho makubwa yanadai gigabaiti kadhaa zilizo wazi ndipo yapite. Kwenye RAM hali ni hiyohiyo. Windows peke yake inakalia sehemu kubwa ya zile GB 4. Fungua kivinjari, fungua Word yenye tasnifu, ingia Zoom kwa ajili ya semina, mashine itaanza kuazima nafasi kwenye hifadhi. Kwa kompyuta za daraja hili hifadhi mara nyingi ni eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD. Hapo ndipo kompyuta inaganda, unabonyeza herufi na kuisubiri itokee.

Na ikishaganda huna la kufanya. Kwa daraja hili RAM kwa kawaida imechomelewa, huwezi kuongeza. eMMC imechomelewa, huwezi kubadilisha. Waranti ya mwaka ina maana kompyuta ikiharibika. Ikiwa polepole, fundi wa kampuni ataipima na kukuambia ni nzima, na atakuwa anasema kweli.

Nimekaa sana hapa kwa sababu naliona mara kwa mara. Mtu anasema anataka kompyuta ndogo, na muuzaji anamletea kompyuta dhaifu, kana kwamba ni kitu kimoja. Shida yako ni mgongo na begi. Kinachopunguza mzigo ni gramu na upana wa mashine. GB 4 na GB 8 zina uzito uleule.

X270 ni mashine nzuri na mdogo wako ana jicho. Ina kibodi ya kuandikia kurasa nyingi bila kuchoka, na ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma inayochomoka, jambo ambalo kwa mtu anayekatiwa umeme mchana kutwa si dogo. Ningekuwa naandika miaka mitatu iliyopita, pengine ningekushauri hiyo. Tatizo liko kwenye prosesa. Jina i5-7300U lisome hivi: tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani kizazi cha 7. Kwa 8350U ni kizazi cha 8. Ukikutana na namba ndefu kama i5-10310U, soma tarakimu mbili za mwanzo: hicho ni cha 10. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yao ya prosesa za Core i5 zinazokubalika kwa Windows 11 inaanzia kizazi cha 8. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye X270, na wengi wanafanya hivyo, lakini Microsoft hawatoi ahadi kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho ya usalama. Wewe humo utaingiza nywila za ESS (mfumo wa watumishi wa umma), za chuo, na za benki. Sitaki ukae kwa kubahatisha.

Halafu kuna nguvu yenyewe. Prosesa ya 7300U ina viini viwili vya kufanyia kazi, ya 8350U ina vinne. Intel waliongeza viini kwenye prosesa za kompyuta nyepesi walipofika kizazi cha 8, na tofauti hiyo utaiona siku ambayo Zoom, Word na Excel vimefunguka pamoja. Hiyo Sh 200,000 ya juu, kwa maoni yangu, ni hela halali.

Kama ungekuwa na Sh 450,000 na basi, ningekuambia uchukue X270, fundi akuwekee Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, vyote bure, na ufanye kazi kwa amani. Ila faili za msimamizi wako zingekuwa zinahamahama kati ya LibreOffice na Word, na kwenye majedwali na tanbihi mpangilio huwa unasogea. Kwa tasnifu inachosha.

EliteBook 830 G5 ni ya mwaka 2018. Kioo chake ni inchi 13.3, uzito unaanzia kilo 1.33, na inaingia kwenye mkoba wa kawaida wa mwalimu. Najua ulitaka ndogo zaidi. Lakini wewe ni mtu wa kuandika, na inchi 13.3 ndipo ukurasa wa Word na maoni ya pembeni vinaposomeka bila kukunja macho. Ndani yake kuna nafasi mbili za RAM, kwa hiyo siku ukipata hela utaongeza, na SSD yake inachomoka. HP wanatoa bure kitabu cha matengenezo cha mashine hii, kinachoonyesha kila skrubu, ndiyo maana mafundi wengi wanaizoea. Ina tundu la HDMI, utaiunganisha na projekta ya shule bila kutafuta kiunganishi. Ina pia USB-C inayochaji, na hilo nitalirudia kwenye suala la umeme.

Isipopatikana nzima, mdogo wako aulizie Dell Latitude 7290 au ThinkPad X280, zote za inchi 12.5 na zote zinapatikana kwa prosesa za kizazi cha 8. Kwa X280 awe makini, RAM yake imechomelewa, kwa hiyo asikubali ya GB 4 hata akipunguziwa bei.

Kuhusu shemeji. Hofu yake ni ya mtu anayejua thamani ya hela, na kuna mitumba iliyoliza watu kweli. Mweleze jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kompyuta hizi zilinunuliwa na kampuni na ofisi za Ulaya na Marekani, ambazo kwa kawaida hubadilisha vifaa vya wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu au minne, mkataba wa kukodi au waranti unapokwisha, mashine iwe nzima au mbovu. Zinauzwa kwa mafungu, nyingine hupitia Dubai, kisha kwetu. Ilipokuwa mpya, EliteBook ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko hiyo ya boksi, na ilitengenezwa ibebwe kila siku. Hata hivyo usimfiche upande wa pili: ni mashine yenye umri, betri yake huenda imechoka, na waranti ni miezi mitatu tu. Ndiyo maana nasema Sh 50,000 itakayobaki msiitumie. Iwe ya betri.

Mpe pia kazi. Siku mdogo wako yuko dukani mpigieni simu ya video, na shemeji ndiye awe na karatasi ya ukaguzi mkononi, akiweka tiki. Mtu aliyeona kila kitu kikipimwa ana imani tofauti na aliyeletewa kompyuta imeshanunuliwa. Nilichoandika kuanzia hapa umtumie mdogo wako kama kilivyo.

Kwanza kabisa asione haya kukaa dukani muda mrefu. Muuzaji anayeharakisha mteja wa Sh 650,000 ana sababu yake.

Azime kompyuta, aiwashe huku akibonyeza F10 mfululizo. Hapo inafunguka BIOS, ile mipangilio ya ndani kabisa ya mashine. Kwa Dell ni F2, kwa ThinkPad ni F1. Ikidai nywila, safari imeishia hapo. Ni kufuli la mwenye nalo wa zamani, na muuzaji akisema "hiyo haina shida" asimsikilize, kwa sababu siku utakapohitaji kubadilisha kitu humo hutaweza. Kufuli la pili ni gumu kuliona. Baadhi ya mashine bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni ya zamani, na siku utakapoweka Windows upya na kuingia kwenye intaneti, jina la kampuni linatokea na kukudai barua pepe ya kazi. Kwa hiyo amwombe muuzaji airejeshe Windows kama mpya mbele yake, huku imeunganishwa na hotspoti ya simu. Inachukua muda, anywe soda. Ikimaliza na kukubali kufungua akaunti ya kawaida, iko huru.

Ikishawaka, kwenye mipangilio ya mfumo athibitishe imeandikwa i5-8350U na RAM GB 8, na kwenye ukurasa wa uhalalishaji Windows iseme imehalalishwa kwa leseni ya kidijitali. Kompyuta za ofisi nyingi zilikuja na leseni iliyoandikwa kwenye ubao wenyewe, hivyo hakuna haja ya fundi kuweka ya wizi. Kwenye mipangilio ya kioo aone 1920 kwa 1080.

Betri ndiyo itakayokugusa zaidi huko Masasi. Afungue dirisha la amri (Command Prompt) aandike powercfg /batteryreport, kisha afungue faili linalotajwa hapo. Ndani yake kuna namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo ikijaa. Ya pili ikiwa zaidi ya asilimia 75 ya ya kwanza, sawa. Ikiwa chini ya nusu, apunguziwe bei ya betri nzima au aondoke. Baada ya hapo achomoe chaja na kuacha video ikicheza muda wote anapoendelea na ukaguzi. Betri iliyokufa hujionyesha haraka.

Kibodi aiangalie kwa macho kwanza. Kompyuta zinazotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zinaanza na AZERTY, na wauzaji wengine hubandika stika juu. Wewe unaandika kurasa mia, utateseka. Chukua yenye mpangilio wa Kiingereza. Kisha afungue Notepad abonyeze kila kitufe, hata vile vya pembeni. Achomeke flashi kwenye kila tundu. Afungue na kufunga kifuniko mara kadhaa, bawaba zisilie wala kulegea. Afungue ukurasa mweupe mtupu aone kama kioo kina madoa. Baadhi ya 830 G5 zina kioo cha faragha kinachofifia ukitazama kwa pembeni. Huo si ubovu, lakini mbele ya wanafunzi watatu waliozunguka meza kitakuudhi, kwa hiyo akiweza aichague isiyo nacho. Kamera, spika, maikrofoni vipimwe kwa hiyohiyo simu ya video, mpigie kutoka kwenye kompyuta yenyewe.

Mwisho adai risiti ya EFD yenye jina la mashine na namba yake ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya kompyuta, na waranti ya miezi mitatu iandikwe na kupigwa mhuri. Muuzaji akimwambia bila risiti bei itashuka, akatae. Risiti ndiyo itakayomrudisha pale dukani wewe ukiwa Masasi.

Kwenye programu za ziada, asikubali kuwekewa Office ya wizi. Ni moja ya njia ambazo virusi huingilia. Ulizia chuoni kama wanafunzi wanapewa Microsoft 365. Ikiwa hakuna, Word ya mtandaoni ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft na inaonyesha maoni na masahihisho ya msimamizi, ila inataka intaneti. Kwa siku zisizo na bando, weka na LibreOffice, uandikie humo sura zako kabla hazijafika hatua ya kupambwa.

Tukitaja bando: Windows ikiona hotspoti ya simu huweza kudhani ni intaneti isiyo na mwisho, ikashusha masasisho hadi bando liishe usiku mmoja. Ukishaiunganisha mara ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua jina la hotspoti yako, washa swichi inayosema mtandao huu unalipiwa kwa kipimo (Metered connection). Masasisho mengi yatasubiri. Ukienda Masasi mjini au kituo cha chuo chenye Wi-Fi, izime uache yashuke yote, maana masasisho nayo ni muhimu.

Kwa umeme, ile USB-C inakupa njia nyingine. Pawabanki yenye alama ya PD na nguvu ya wati 45 au zaidi inaweza kuichaji EliteBook moja kwa moja. Pawabanki ya simu ya kawaida haiwezi, hata iwe kubwa kiasi gani, kwa hiyo usidanganywe na namba za mAh (kiasi cha chaji inachobeba) pekee. Si kitu cha kununua sasa. Ukiona baada ya miezi michache kwamba betri haikufikishi, hapo ndipo ukae na shemeji mlifikirie. Kwa kuanzia punguza mwanga wa kioo, zima Wi-Fi unapoandika, na chaji kila umeme unapokuwepo.

Kwenye bodaboda izime kabisa kabla ya kuiweka begini, usifunge kifuniko tu. Ikiwaka ndani ya begi lililobanana na madaftari inapata joto na betri inaisha. Iwe kwenye mfuko wake laini, upande unaogusa mgongo wako, na maji ya kunywa yakae begi jingine. Vumbi la njia yenu lipulizwe litoke kwenye matundu ya feni mara moja kwa muhula, fundi anafanya kwa hela ndogo.

Tasnifu yenyewe iwe sehemu tatu tangu siku ya kwanza: kwenye kompyuta, kwenye flashi inayobaki nyumbani, na kwenye Google Drive au OneDrive. Kila unapomaliza kuandika kwa siku, hifadhi faili jipya lenye tarehe kwenye jina, usiandike juu ya lile la jana. Msimamizi akisema rudisha ile aya uliyoifuta mwezi uliopita, utaipata. Na ile laptopu ya idara irudishe shuleni kabla hujasahau, ukiwa umefuta faili zako zote humo, hasa alama za wanafunzi.